UZI: Nafuu ya kodi haimfikii soja wa geti

Kila bajeti ikikaribia, mmoja anasema familia maskini zinasaidiwa, mwingine anasema hazioni kitu. Mara nyingi wanaongea juu ya watu tofauti. Tulieni kidogo.

Chukua soja wa geti hapa Nairobi, mshahara 18,000, watoto watatu. Inua Jamii haimgusi. Ile 2,000 ya kila mwezi ni ya wazee wa miaka 70 kwenda juu, watu wenye ulemavu mkubwa, na nyumba zenye mayatima au watoto walio katika hali ngumu. Kufanya kazi ya mshahara mdogo si kigezo.

"Lakini halipi kodi!" Kweli, PAYE halipi. Kuna nafuu ya 2,400 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi, ndiyo inafuta kodi ya mtu wa 24,000 kushuka chini. Ila kodi ya soja wetu haifiki 2,400, na ile nafuu inayobaki hairudi mfukoni mwake. Inapotea tu. Pia ni ileile awe na watoto sita au asiwe na hata mmoja.

Na bado anakatwa: SHA 495, nyumba 270, NSSF 1,080. Hiyo ni 1,845.

Kwa hivyo mtu akiahidi "tutaongeza nafuu ya kodi", soja haongezewi hata ndururu. Anayefaidika ni wa 40,000. Hapa ndipo watu huchezewa akili.

Marekani walianza njia nyingine mwaka wa 1975, inaitwa EITC. Nafuu inaangalia mshahara na idadi ya watoto, na ikizidi kodi yako serikali inakutumia hiyo tofauti. Wakosoaji wanasema mwajiri ataacha mishahara chini akijua serikali itajazia. Hoja nzito hiyo, msiicheke.

Sisi tuna shida kubwa zaidi: zaidi ya asilimia 80 ya wafanyakazi wako jua kali. Mama fua hana slipu ya mshahara, sasa serikali itajuaje anapata ngapi?

Ndiyo maana wengine wanataka posho ya kila mtoto, bila kuuliza mzazi anafanya kazi gani. Ni ghali, na mtoto wa tajiri atapata pia (ingawa unaweza kumrudia babake kwenye kodi). Mimi naegemea huko.

Mgombea akisema "tutasaidia familia", muulize: kupitia kodi, mshahara au mtoto? Halafu muulize soja atapata ngapi.