Mwili Husema Kabla ya Uso

Kwenye barabara inayoelekea soko la Cotebu, Ngagara, kaskazini mwa jiji la Bujumbura, mtu humtambua jirani yake angali mbali, kabla hajaona macho wala pua. Mwendo umekwisha kusema ni nani, na kama amechoka au ana haraka. Uwezo huo ndio mtaji wa kwanza wa kijana anayejifunza kuchora watu. Wengi, hata hivyo, huanza na uso: macho, kope, midomo, kisha mwili hufuata kama nyongeza. Sura inapendeza, lakini mtu mwenyewe amekakamaa.

Sayansi inaeleza kwa nini mwili hutangulia uso. Mwaka 1973, mwanasaikolojia wa Uswidi, Gunnar Johansson, aliweka alama za mwanga kwenye mabega, viwiko, nyonga, magoti na vifundo vya watu, kisha akawapiga filamu gizani. Kilichoonekana ni nukta kumi hivi tu. Zilipotulia, watazamaji hawakuelewa ni nini. Ziliposogea, papo hapo walimwona mtu anatembea. Mwaka 2001, Paul Downing, Nancy Kanwisher na wenzao walionyesha kwamba ubongo una sehemu inayoamka zaidi unapoona mwili wa binadamu kuliko vitu vingine, hata mwili huo ukiwa umechorwa kwa mistari mitupu kama vijiti.

Utafiti wa mwaka 2012 wa Hillel Aviezer, Yaacov Trope na Alexander Todorov unamgusa mchoraji zaidi. Watu walionyeshwa picha za wacheza tenisi waliotoka kushinda au kupoteza pointi muhimu. Waliopewa uso peke yake walishindwa kutofautisha furaha na uchungu. Waliopewa mwili, hata bila uso, walitofautisha. Uso wa mshindi ulipounganishwa na mwili wa aliyeshindwa, ulisomwa kama uso wa majonzi. Hisia zikishapanda sana, mwili ndio shahidi wa kuaminika.

Mwili nao hutawaliwa na uzito. Mtazame binti aliyebeba bidoni la maji la lita 20 kwa mkono wa kulia. Hizo ni kilo 20 hivi zinazomvuta upande mmoja. Ili asianguke, kiwiliwili chake huinamia kushoto, na mkono ulio huru hujitanua mbali na mbavu. Asipojirekebisha, uzito wake pamoja na wa maji unaweza kutoka nje ya eneo la nyayo zake, naye akayumba. Mchoraji anayemsimamisha binti huyo wima amechora bidoni tupu, hata kama amelipaka rangi ya maji hadi mdomoni.

Burundi ina darasa jingine la mikao: ngoma za kifalme, ambazo UNESCO iliziingiza mwaka 2014 katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Mpigaji anaporuka sentimita 45 kutoka ardhini, hukaa hewani kwa takriban sekunde 0.6, na zaidi ya sekunde 0.4 kati ya hizo yumo katika nusu ya juu ya mruko, kwa kuwa kasi hupungua kadiri anavyokaribia kilele. Ndiyo sababu jicho humwona kama aliyening'inia. Mchoraji hodari huchagua kilele hicho, au kinyume chake: pale magoti yamekunjwa na nguvu inakusanywa. Mkao wa katikati mara nyingi hausemi kitu.

Mazoezi ya kuchora mikao hayahitaji gharama. Mwalimu wa Marekani Kimon Nicolaïdes, ambaye kitabu chake cha uchoraji kilitoka mwaka 1941, aliwahimiza wanafunzi wachore haraka kile mwili unachofanya kabla ya umbo lake. Daftari la shule na penseli vinatosha. Jipe nusu dakika kwa kila mtu. Vuta mstari mmoja kutoka kichwani hadi mguu unaobeba uzito. Ongeza mshazari wa mabega na wa nyonga. Mtu akiegemea mguu mmoja, mishazari hiyo kwa kawaida huelekea pande tofauti. Weka nyayo. Uso uache wazi. Ukikwama, simama mwenyewe ukae mkao huo. Paja na kiuno vitakuambia uzito umekaa wapi.

Walimu na wazazi wa Ngagara, mtoto anapowaletea mchoro, msiulize kwanza kama sura imefanana. Ulizeni: huyu mtu anafanya nini, na uzito wake uko mguu gani? Akijibu bila kusita, amekwisha kujifunza kuona, na mkono wake utafuata.