Kutu Iliyo Hai: Bakteria, Madini na Maji ya Kunywa Mkoani Mara

Mtu anayechota maji ya kisima kijijini, Bunda au Butiama, huenda akayaona meupe, kisha baada ya saa chache akakuta mashapo mekundu chini ya ndoo. Ni chuma kilichokuwa kimeyeyuka ardhini, ambacho kimekutana na hewa kikageuka kutu. Ndani ya kisima na mabomba, penye hewa haba, kazi hiyo hufanywa na bakteria kama Gallionella. Vimeng'enya vyao hunyang'anya chuma elektroni na kuzipeleka kwenye oksijeni. Bakteria hupata nishati; chuma, kisichoweza tena kuyeyuka, hujitenga kuwa madini. Bakteria wengine hutumia vimeng'enya vyenye shaba kuoksidisha manganizi, na mashapo yake huwa meusi.

Kutu hii huharibu ladha na kuziba mabomba, lakini kwa kawaida si sumu. Hatari kubwa zaidi huanzia machimboni.

Dhahabu, inayochimbwa pia Buhemba wilayani Butiama, mara nyingi hulala mwambani pamoja na pairaiti, mchanganyiko wa chuma na salfa. Mwamba ukisagwa kwenye karasha na marudio yakaachwa mvuani, pairaiti huanza kuoza na kutoa asidi. Hapo hustawi Acidithiobacillus ferrooxidans, bakteria aliyegunduliwa Marekani mwaka 1947 katika maji ya migodi ya makaa ya mawe. Mwaka 1970 watafiti Singer na Stumm walionyesha kwamba bakteria wa aina hii huweza kuharakisha uoksidishaji wa chuma hadi mara milioni moja. Asidi inayozalishwa huyeyusha metali nyingine na, ikiwa imo mwambani, aseniki.

Aseniki haina rangi wala harufu majini. Ikinywewa kwa miaka mingi husababisha saratani ya ngozi, mapafu na kibofu. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha mikrogramu 10 kwa lita.

Kutu ileile hunasa aseniki. Ndiyo maana kupitisha maji hewani na kuyachuja kwa mchanga hupunguza chuma na sehemu ya sumu hiyo. Kuchemsha huua vijidudu tu, metali hubaki. Basi marudio yawekwe mbali na visima na mito inayoelekea Ziwa Victoria, na kisima kilicho jirani na machimbo kipimwe maabara kabla ya kutumika. Weupe wa maji si cheti cha usalama.