Wisteria, Mmea Usioachia Ukishikacho

Katika nchi za China na Japani kuna mmea utambaao ambao sifa zake zimeenea ulimwenguni kwa sababu ya uzuri wa maua yake. Jina lake ni wisteria, na Wajapani huuita fuji. Baridi ikiisha, katika miezi ya Aprili na Mei, mmea huu hutoa maua ya zambarau hafifu yaning'iniayo katika vishada mfano wa zabibu, na harufu yake tamu huwavuta nyuki mchana kutwa. Vishada vya aina ya Japani huweza kupita urefu wa futi 3. Mtu aliyeiona mijakaranda ya Nairobi ikichanua mwezi wa Oktoba anaweza kuikisia rangi hiyo, ingawa mimea hiyo miwili si ndugu. Ndugu wa kweli wa wisteria ni maharagwe, kunde na mbaazi, na atazamaye ua moja kwa karibu atautambua udugu huo mara moja.

Udugu huo uko hata chini ya ardhi. Mizizi yake ina vinundu vidogo ambamo vijidudu hutwaa naitrojeni ya hewani na kuifanya chakula cha mmea. Kwa hiyo hustawi hata penye udongo hafifu, na mwenye bustani autiliaye mbolea nyingi hupata majani tele na maua machache. Maganda yake ni laini kama mahameli. Yakikauka hupasuka kwa kishindo na kurusha mbegu mbali. Lakini asidanganyike mtu kwa ule udugu wa maharagwe, kwani mbegu hizo ni sumu, na watoto wazilao huumwa matumbo na kutapika. Tena apandaye mbegu na awe na subira: huenda akangoja miaka 10 au zaidi asione ua hata moja.

Wisteria haina vikono vya kushikia kama vile vya mboga. Shina lenyewe ndilo hujisokota, na aina ya China huzunguka upande mmoja, ya Japani upande wa pili, hata wajuzi huzitambua pasipo maua. Shina hilo huanza jembamba kama kamba, kisha miaka ikipita huwa nene na gumu, likakaba kila lilichokizunguka. Katika misitu ya kusini mashariki ya Marekani, wisteria zilizotoroka bustanini huua miti mikubwa kwa kuinyonga na kuifunika jua.

Mfano mashuhuri uko Sierra Madre, mji mdogo wa California. Mwaka 1894 bibi mmoja, Alice Brugman, alinunua mche mmoja kwa senti 75 ili kupamba baraza yake. Mche ukapanda juu ya nyumba, ukaifunika, ukailemea, na mwishowe nyumba ikabomoka. Mmea haukuguswa! Leo umetanda zaidi ya eka moja, na mwaka 1990 kitabu cha Guinness kiliutaja miongoni mwa mimea yenye maua iliyo mikubwa kabisa duniani. Ndiyo sababu mtunzaji hodari huukata mara mbili kwa mwaka, baada ya kuchanua na tena wakati wa baridi, wala hauelekezi kwenye paa.

Wajapani wameijua tabia hiyo tangu kale, na wameifanya mfano. Wachoraji wao hupenda kuonyesha wisteria ikiuzunguka msonobari, na watu husema kwamba ni mke na mume wasioachana. Lakini picha hiyo ina maana nyingine pia, nayo si ya mapenzi matupu. Mwaka 669 Mfalme Tenji alimpa waziri wake Kamatari jina la ukoo la Fujiwara, maana yake uwanda wa wisteria. Baadaye wakuu wa ukoo huo waliwaoza binti zao kwa wafalme, wajukuu wao wakarithi kiti, na kwa muda mrefu amri ikatoka kwa Fujiwara ilhali mfalme ndiye aliyeketi. Msonobari ulisimama, lakini aliyeushika alijulikana. Hata leo Sato, jina la ukoo lenye watu wengi kuliko yote Japani, huandikwa kwa herufi ya mmea huu.

Katika mji wa Ashikaga, kaskazini ya Tokyo, iko wisteria yenye umri wa zaidi ya miaka 150. Zamani ilikuwa katika shamba lingine, na ilipolazimu kuhamishwa, wajuzi wengi walisema kwamba mti mkubwa namna ile hauwezi kupona. Bibi Konami Tsukamoto, tabibu wa miti, alikubali kazi hiyo. Alitumia miaka 2 kuitayarisha mizizi, kisha, kwa kuwa gamba la wisteria huchubuka upesi, akalifunga shina kwa bendeji za plasta kama zile za hospitali za kufungia mguu uliovunjika. Mwaka 1996 mti ukasafirishwa maili 12 hivi. Wakati ule kichanja chake kilikuwa na mita mraba 72. Sasa ni kama mita mraba 1,000, na wakati wa maua taa huwashwa chini yake usiku ili wageni wapate kuutazama.