Nipitie au nichague?

Mama yuko Mbagala Zakhem, mizigo miguuni. Anampigia simu kijana wake wa bajaji: "Nipitie saa kumi na moja." Mwingereza angesema "pick me up". Mwanafunzi wa kidato cha kwanza, aliyesoma darasa la kwanza hadi la saba kwa Kiswahili, ataandika "pick me". Ameacha herufi mbili tu, lakini sasa mama anaomba achaguliwe. "Pick" ikiwa peke yake ni kuchagua, au kuchuma embe mtini.

Si kosa la watoto tu. Utalisikia Nairobi, Kampala na hapa Dar es Salaam, hata kwa wasomi: "pick the call", "nobody picked". Huenda chanzo chake kimojawapo kimo katika Kiswahili chenyewe. Sisi hubadili maana ndani ya kitenzi: pita, ukiingiza -i-, huwa pitia. Kiingereza hukiacha kitenzi kama kilivyo, kikatundika kijineno nje. Sikio lililolelewa na viambishi hukiona kijineno hicho kama pambo.

Sasa tazama kazi za "pick up". Nyanya ikidondoka sokoni Tandika, tunaiokota. Simu ikiita, tunapokea. Daladala hupakia abiria. Biashara iliyodorora huchangamka kuelekea Idi. Kote huko Kiingereza hutumia "pick up", kwa hiyo anayetafsiri aulize kwanza: nani anafanya nini?

Hatari zaidi ni katika kujifunza lugha. "She picked up Swahili in Temeke" ni sifa: alikaa na watu, akasikia, akakijua. Ukitafsiri kwamba alikiokoteza, umemtukana, maana lugha ya kuokoteza kwetu ni ya vipandevipande.

Kuhusu mpangilio, kitu kikitajwa kwa jina kinaweza kukaa popote: "pick up the child" au "pick the child up". Kikiwa kiwakilishi, kama "me" au "him", lazima kikae katikati. "Pick up me" si Kiingereza.

Na hiyo "up" tunaijua tangu zamani. Gari la kubeba mizigo tuliliita pikapu, na hakuna aliyewahi kuliita "piki". Mwalimu, mtoto akiandika tena "pick me", mwonyeshe pikapu inayopita barabarani, kisha mrudishie daftari asahihishe mwenyewe.