Usiharakishe kung'oa sakafu kabla ya kujua kilichoiharibu

FAMILIA nyingi zinapopata akiba kidogo ya kukarabati nyumba, jambo la kwanza linaloshughulikiwa huwa ni sakafu. Vigae vilivyopasuka hung'olewa, saruji nyekundu iliyochujuka hufunikwa na zulia lililochakaa hutupwa. Baada ya wiki mbili au tatu, sebule humeremeta na wageni hawakomi kuisifu.

Hata hivyo, kwa baadhi ya wenye nyumba furaha hiyo haidumu. Vigae vipya huinuka katikati ya chumba kana kwamba vinasukumwa kutoka chini. Milango hukwaruza na kukataa kufunguka. Harufu ya ukungu hutanda katika chumba cha watoto. Kisha nyanya anayekuja kuwatembelea wajukuu huteleza bafuni na kuvunjika nyonga.

Mara nyingi lawama zote hutupiwa fundi au duka lililouza vigae. Lakini chanzo halisi huwa ni kwamba sakafu ilichaguliwa kwa macho pekee. Mwenye nyumba alitazama rangi na bei, akasahau kuuliza swali la kwanza: sakafu ya zamani iliharibiwa na nini? Ugonjwa usiojulikana hautibiki, na sakafu mpya iliyotandazwa juu ya ugonjwa wa zamani huugua vivyo hivyo.

Matabaka yasiyoonekana

Sakafu si kitu kimoja bali ni matabaka kadhaa. Katika nyumba ya kawaida ya mawe nchini Kenya, udongo wa juu huondolewa, mawe ya kujazia msingi yakapangwa na kushindiliwa, kisha yakasawazishwa kwa maramu laini. Hapo hunyunyizwa dawa ya mchwa na kutandazwa karatasi nzito ya polithini ili kuzuia unyevu kupanda kutoka ardhini. Zege humwagwa juu yake, na baada ya zege huja lipu ya sakafu. Kigae, ubao au zulia ni tabaka la mwisho tu.

Kasoro katika tabaka lolote la chini hujitokeza juu. Karatasi ya polithini ikitoboka au ikiachwa ili kupunguza gharama, unyevu hupenya zege na kuilegeza gundi. Mawe ya kujazia yasiposhindiliwa vyema, sakafu hutitia na kupasuka.

Udongo nao una hadithi yake. Sehemu kama Kitengela, Syokimau na mitaa kadhaa ya Nairobi zina udongo mweusi ambao huvimba unapolowa na kunywea wakati wa kiangazi, ukaacha nyufa pana. Nyumba iliyojengwa bila kuuondoa udongo huo husukumwa juu na kuteremshwa kila msimu. Mwenye nyumba kama hiyo anaweza kubadilisha vigae mara tatu na bado vikapasuka, kwa sababu tatizo haliko kwenye vigae.

Vipimo vinne visivyo na gharama

Kabla ya kununua chochote, mwenye nyumba anaweza kuichunguza sakafu yake mwenyewe.

Kwanza, aigonge kwa mpini wa nyundo au kipande cha mbao. Mlio mzito huonyesha kwamba kigae au lipu imeshikana na zege. Mlio wa debe tupu huonyesha kwamba kuna uwazi chini, na sehemu hiyo ni lazima ing'olewe.

Pili, akate kipande cha plastiki angavu chenye upana wa sentimita 45 kila upande, akibandike sakafuni kwa utepe wa gundi pande zote nne na kukiacha usiku kucha. Matone ya maji yakionekana chini ya plastiki asubuhi, au zege ikibadilika na kuwa nyeusi, basi unyevu unapanda. Kipimo hiki kinafaa kurudiwa msimu wa mvua.

Tatu, alaze ubao ulionyooka wa mita 2 juu ya sakafu, upande huu na ule. Mwanya chini ya ubao ukizidi milimita 3 hivi, sakafu inahitaji kusawazishwa kabla ya kuwekwa vigae vikubwa au mbao.

Nne, atie alama ya penseli kwenye ncha za kila ufa na kuandika tarehe. Ufa mwembamba usiosonga kwa miezi kadhaa si wa kutisha. Ufa unaoendelea kurefuka, au ambao upande wake mmoja umeinuka kuliko mwingine, unahitaji kukaguliwa na mhandisi. Usipoziba ufa, walisema wahenga, utajenga ukuta.

Si kila sakafu kuukuu ni ya kutupwa

Nyumba kadhaa za zamani jijini Nairobi zina sakafu za vipande vidogo vya mbao vilivyopangwa kwa ustadi, vingi vikiwa vya mti wa muhuhu. Mti huo hukua polepole sana na mbao zake ni ngumu ajabu. Sakafu ya aina hiyo, hata ikiwa imeparara na kujaa madoa, inaweza kusuguliwa kwa mashine, vipande vilivyolegea vikagundishwa upya, kisha ikapakwa vanishi na kurejea katika hali yake. Kuing'oa ili kuweka vigae ni hasara ambayo haiwezi kufidiwa kwa urahisi.

Terazo, ambayo hutengenezwa kwa saruji na vipande vya mawe na kulainishwa kwa mashine, nayo huweza kusuguliwa upya baada ya miongo kadhaa. Saruji nyekundu iliyozoeleka katika nyumba na shule nyingi inahitaji tu kuzibwa nyufa, kusuguliwa na kupakwa nta.

Katika miji mikongwe ya pwani, tahadhari ni kubwa zaidi. Sakafu za ghorofani katika nyumba za mawe za Lamu hubebwa na boriti za mikoko, ambazo juu yake kuna vipande vya matumbawe na chokaa. Chokaa hupumua, yaani huruhusu unyevu kutoka. Anayemwaga zege na kubandika vigae juu yake huongeza uzito ambao boriti hazikukusudiwa kuubeba, na pia hufungia unyevu ndani hadi mbao zikaoza bila mtu kujua. Mji Mkongwe wa Lamu umo katika orodha ya Turathi za Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2001, hivyo ukarabati wake unapaswa kufuata ushauri wa wahifadhi.

Kipi kifae wapi?

Iwapo imebainika kwamba sakafu haina budi kubadilishwa, chumba ndicho kinachopaswa kuamua, wala si mtindo ulioko sokoni.

Vigae vya seramiki na vya kaure, ambavyo mafundi huviita porselini, ndivyo vinavyotumika zaidi. Tofauti yao si jina tu. Kigae cha kaure huchomwa kwa joto kali na hunyonya maji kwa kiwango kisichozidi asilimia 0.5 ya uzito wake, hivyo hufaa barazani, jikoni na mahali penye shughuli nyingi. Cha seramiki hunyonya zaidi na hutosha vyumba vya kulala. Mnunuzi atazame pia kiwango cha ukinzani dhidi ya mikwaruzo, ambacho huandikwa kutoka 1 hadi 5. Kigae cha daraja la 1 ni cha ukutani, na kwa sebule yenye watoto afadhali daraja la 4.

Bafuni na jikoni, uso wa kigae ni muhimu kuliko urembo. Kigae kinachong'aa kama kioo huwa hatari kikilowa. Vigae vidogo vyenye uso mkwaruzo huzuia utelezi, na viungo vingi kati yao humpa mguu mahali pa kushika. Kwa mzee, kuteleza mara moja kunaweza kumaanisha miezi hospitalini na familia kuuza ng'ombe ili kulipa bili.

Mkeka wa mbao, yaani plastiki yenye sura ya ubao ambayo huuzwa kwa mita, umependwa na wapangaji wengi kwa sababu ni wa bei nafuu na hutandazwa kwa saa chache. Lakini mkeka huo hauruhusu maji kupita. Ukitandazwa juu ya zege yenye unyevu, ukungu huota chini yake, jambo ambalo ni baya kwa watu wenye pumu. Aidha, kila shimo na uvimbe wa sakafu ya chini hujionyesha juu.

Sakafu ya lamineti hupendeza vyumbani mwa kulala lakini huvimba ikilowa. Vipande vyake viachwe chumbani saa 48 ili vizoee hali ya hewa, na pengo la milimita 8 hadi 10 liachwe kando ya kuta. Pengo hilo likisahauliwa, sakafu hutanuka na kuinuka katikati.

Kupima na kununua

Hesabu ya vigae ni rahisi. Chumba cha mita 4 kwa mita 3.5 kina eneo la mita 14 za mraba. Ikiongezwa asilimia 10 kwa ajili ya vitakavyokatwa na kuvunjika, inakuwa mita 15.4 za mraba. Katoni yenye vigae 4 vya sentimita 60 kwa 60 hutosha mita 1.44 za mraba, hivyo zitahitajika katoni 11.

Ni vyema kuvinunua vyote kwa mara moja na kuhakikisha namba ya toleo kwenye katoni ni ile ile, kwa kuwa rangi hutofautiana kati ya toleo moja na jingine. Vigae vinavyobaki vihifadhiwe kwa marekebisho ya baadaye.

Wakati wa kazi

Ung'oaji una hatari zake. Vumbi la vigae na zege lina chembechembe za silika ambazo huharibu mapafu zikivutwa kwa muda mrefu. Fundi avae barakoa inayofaa, vigae vikatwe kwa maji na watoto wakae mbali. Katika majengo ya zamani, vigae vya plastiki vya inchi 9 kwa 9 vinahitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa katika nchi nyingi vilichanganywa na asbestosi kabla ya miaka ya 1980. Visivunjwe wala kusuguliwa kabla ya kuchunguzwa na mtaalamu.

Kosa jingine ni haraka. Lipu mpya huhitaji kulowanishwa kwa siku 7 angalau ili ikomae, na kisha kuachwa ikauke. Kanuni ya jumla ya wajenzi ni siku 1 kwa kila milimita, hivyo lipu ya milimita 50 huhitaji takriban wiki 7 kabla ya kuwekewa mbao au plastiki.

Wapo wanaobandika vigae juu ya vigae vya zamani. Hilo linawezekana iwapo vya chini vimeshika imara na vimesuguliwa, lakini sakafu huinuka kwa milimita 15 au zaidi. Milango itabidi ikatwe na kizingiti kipya kinaweza kuwakwaza wakazi. Kwa bafu, sakafu iteremke kuelekea tundu la maji, na dawa ya kuzuia maji ipakwe chini ya vigae. Katika nyumba za ghorofa, kupuuza hatua hii huleta ugomvi na jirani wa chini ambaye dari yake huanza kudondoka maji.

Makubaliano na fundi yaandikwe: kazi ipi itafanywa, nani atanunua gundi, malipo yatatolewa kwa awamu zipi na nani atagharimia kitakachoharibika. Kabla ya awamu ya mwisho kulipwa, sakafu igongwe tena kigae kwa kigae. Mpangaji naye apate idhini ya mwenye nyumba kwa maandishi, la sivyo atakuwa amekarabati mali ya mwingine bila fidia.

Zaidi ya urembo

Kwa jamaa wanaoishi katika nyumba zenye sakafu ya udongo, suala hili ni la afya. Mabuu ya funza hukua katika vumbi la sakafu kama hizo, na minyoo huenea kwa urahisi mahali watoto hutambaa. Nchini Mexico, mpango wa serikali wa Piso Firme uliweka zege katika nyumba za maskini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 kuhusu familia za jimbo la Coahuila ulikadiria kwamba kuondoa sakafu yote ya udongo kulipunguza vimelea kwa watoto kwa asilimia 78 na kuhara kwa asilimia 49.

Hivyo basi, mwenye fedha kidogo asione haya kuanza na saruji ya kawaida iliyolainishwa vizuri, mradi msingi wake uwe mkavu na imara. Sakafu hiyo itamlinda mtoto anayetambaa leo, na siku akiba itakapotosha, itakuwa tayari kubeba vigae.