Msimamizi na Jembe

Wengi hudhani kuwa kazi humchosha mtu kwa uzito wake. Sisi twaona si hivyo daima. Mara nyingi kinachomlemea mfanya kazi ni yule aliye juu yake, na jinsi huyo ajionavyo: je, ni mwenzao aliyepewa amana, au ni bwana wao?

Tutazame Mlalo, wilayani Lushoto. Mwaka 1946 Serikali ya Kiingereza ilianzisha huko mpango wa kuhifadhi udongo, na wakulima wakaamriwa kulima matuta. Mmomonyoko ulikuwapo kweli, hatukanushi. Wala Washambaa si wavivu wa jembe: mifereji ya maji waliichimba mbavuni mwa milima kabla Mzungu hajafika. Lakini matuta yalikuja na faini, tena kwa mikono ya machifu wao wa Kikilindi. Kwa desturi mtawala wa Vugha alitazamiwa kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, mvua inyeshe na watu washibe. Mponyaji sasa akageuka mtu wa Bwana Shamba. Watu wakanung'unika kuwa nchi yaharibiwa na wale wale waliopasa kuiponya. Matuta yakalimwa shingo upande, na miaka ya 1950 ilipokuwa yaelekea mwisho mpango ukaachwa.

Kumbukeni Handaki la Madina, mwaka wa 5 wa Hijra. Baridi kali, njaa, na adui yu njiani; kazi nzito kuliko tuta lolote. Mtume wetu (S.A.W.) akachimba pamoja na Masahaba, vumbi likamfunika tumbo, naye ana njaa kama wao. Handaki likamalizika kabla adui hajafika.

Hata waganga wa siku hizi wameliona jambo hili. Huko London, uchunguzi wa watumishi wa Serikali ulioanza 1967 ulionyesha kuwa wenye vyeo vya chini walikufa kwa maradhi ya moyo kuliko wakubwa wao. Uchunguzi wa pili, ulioanza 1985, ukaonyesha kuwa asiye na kauli katika kazi yake yumo hatarini zaidi. (Na hao ni watu wa kalamu, si wa jembe.)

Basi kijana aliyepewa usimamizi leo, shuleni, zahanati au shamba la chai, na atazame jambo moja: aingiapo yeye, watu huendelea kusema, au hunyamaza? Wakinyamaza, makosa yatafichwa, naye atakuwa wa mwisho kuyajua.

Anas bin Malik (R.A.) alimtumikia Mtume miaka kumi, tangu utoto wake. Amesimulia kuwa katika muda huo wote hakuguniwa hata mara moja, wala hakuulizwa kwa nini amefanya hili au ameacha lile. Wasichana wangapi watumikao majumbani mwetu wangeweza kusema hivyo baada ya mwezi mmoja?