Bendera ya Tawi ni ya Nani?

Anayeshuka treni ya Reli ya Kati pale Itigi, awe ametokea Kigoma au Dodoma, hahitaji kuuliza ofisi ya Chama Cha Mapinduzi iko wapi. Kijani na njano alivyoviona alikotoka ndivyo atakavyovikuta hapo, pamoja na nembo ileile ya jembe na nyundo. Bendera ya CHADEMA nayo ina bluu, nyekundu, nyeupe na nyeusi zilezile za Kilimanjaro, na zambarau ya ACT-Wazalendo ni ileile ya Pemba. Wapo wanaouona usawa huu kuwa dalili kwamba makao makuu yanaamua kila kitu, hata rangi ya mlango wa ofisi ya kata. Mimi naona vingine. Rangi na nembo ni mali ya chama kizima na ni haki vibaki hivyo. Wenyeji wanapostahili kudai uhuru wao ni kwenye jina.

Tuanze na sheria. Ibara ya 20 ya Katiba inazuia kusajiliwa kwa chama kinachokusudia kukuza maslahi ya kabila, dini au eneo fulani tu, au kufanya shughuli zake katika sehemu moja tu ya Jamhuri ya Muungano. Sheria ya Vyama vya Siasa ya mwaka 1992 ikaongeza kipimo cha hesabu: ili kupata usajili wa kudumu, chama kiwe na wanachama wasiopungua 200 katika kila mkoa, kwa mikoa isiyopungua 10, miwili kati yake ikiwa Zanzibar, mmoja wa Unguja na mmoja wa Pemba. Kwa hiyo chama cha Singida peke yake hakiwezi kuwepo kisheria, na tawi la Itigi halina nafsi yake mbele ya Msajili wa Vyama vya Siasa. Kilichosajiliwa ni chama, chenye jina moja na alama moja. Tawi linatumia alama hiyo kwa dhamana tu.

Sheria hiyo haikuzuka hewani. TANU ilikuwa na kijani na nyeusi. Afro-Shirazi ilikuwa na bluu, nyeusi na kijani. Vilipoungana tarehe 5 Februari 1977, ingekuwa rahisi sana kuwaachia wanachama wa Visiwani rangi zao za zamani na wa Bara za kwao, ili pasiwe na manung'uniko. Haikufanyika hivyo. Bendera zote mbili ziliwekwa kando, ikapandishwa mpya ya kijani yenye zana za mkulima na mfanyakazi kwa rangi ya njano. Zanzibar iliendelea kuwa na Serikali yake, na mwaka 2005 ikapandisha bendera yake yenyewe, lakini bendera ya CCM haikugawanyika. Waliounda chama hicho walielewa kwamba watu wanaweza kutofautiana kuhusu Muungano ndani ya chama kimoja, ila wakianza kutofautiana kwa rangi, chama kimeshakuwa viwili.

Ipo pia sababu ya karatasi ya kura. Katika uchaguzi wa mwaka 1965, wa kwanza chini ya chama kimoja, wagombea wawili wa TANU katika jimbo walitofautishwa kwa alama mbili, jembe na nyumba, na wagombea walizingatia sana nani amepata ipi, kwani katika nchi ya wakulima jembe lilijisemea lenyewe. Kenya ilijifunza somo hilohilo kwa ukubwa zaidi: kwenye kura ya maoni ya Katiba ya tarehe 21 Novemba 2005, tume ya uchaguzi iliwapa wa Ndiyo ndizi na wa Hapana chungwa, na kutokana na chungwa hilo likazaliwa jina la chama cha ODM. Alama iliyotolewa kwa kazi ya siku moja iligeuka kuwa chama. Mpiga kura wa Itigi asiyejua kusoma anategemea picha ya mgombea na nembo ya chama. Nembo ya tawi ikitofautiana na ile ya kwenye karatasi, atakayepotea ni yeye, wala si viongozi.

Pingamizi la kwanza ninaloliheshimu ni kwamba Itigi ina mambo yake: reli, ufugaji, barabara ya kwenda Rungwa na Mbeya. Kwa nini tawi lisiwe na sura ya mahali pake, kama CSU ya Bavaria nchini Ujerumani, chama dada cha CDU chenye jina na rangi zake, ambacho CDU hakishindani nacho katika jimbo hilo? Mfano huo ni mzuri, ila tuutazame wote. Mwaka 1976 CSU kiliamua kuvunja kundi lake la pamoja na CDU bungeni, kikabadili uamuzi wiki chache baadaye. Sura ya peke yake ilikipa fimbo ya kumtishia mwenzake. Zaidi ya hapo, Itigi si Bavaria. Ni mji wa stesheni wanakoishi Wakimbu, Wagogo, Wanyaturu, Wasukuma na wengine walioletwa na treni. Nembo ya kienyeji ingekuwa ya nani? Atakayepewa kazi ya kuichagua atalazimika kuchagua watu.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo limetoka Zanzibar. Machi 2019, baada ya mahakama kuutambua uongozi wa Profesa Ibrahim Lipumba ndani ya CUF, Maalim Seif Sharif Hamad alihamia ACT-Wazalendo na kuwaambia wafuasi wake washushe tanga, wapandishe tanga, safari iendelee. Ofisi zilizokuwa za CUF zikapakwa rangi za chama kipya. Msajili alikiandikia ACT barua ya kutishia kukifuta, na miongoni mwa tuhuma ilikuwemo ya kuchomwa kwa bendera za CUF. Mtu anaweza kusema: tazama, wanachama waliojenga matawi kwa miaka zaidi ya 25 wamepokonywa rangi zao kwa hukumu moja. Uchungu huo ni wa kweli. Lakini rangi za CUF zilibaki kwa CUF, na wanachama wakaondoka na kile kilichokuwa chao: imani yao, mtandao wao na uwezo wa kuanza upya. Kama kila tawi lingekuwa na bendera yake, mgogoro ule ungehamia kila mtaa, na kila mlingoti ungekuwa na kesi.

Kwenye majina mambo ni tofauti. CHADEMA kiligawa nchi kwa kanda, na baadhi yake zikapewa majina ya maziwa na mbuga: Nyasa, Victoria, Serengeti. Itigi iko Kanda ya Kati, pamoja na Dodoma na Morogoro. Hakuna kanda yenye jina la kabila. Kwa CCM, maskani ya Kisonge, Michenzani, inajulikana Zanzibar nzima kwa jina lake la mtaani, huku bendera yake ikiwa ileile ya kila mahali. Hata jimbo la Manyoni Magharibi lilipobadilishwa na kuitwa Itigi mwaka 2025, fundi wa kuandika vibao alikuwa na maneno ya kubadili tu. Rangi ziliachwa kama zilivyo. Na katika mkono wa fundi huyo mna nafasi ya kutosha: jembe moja litatoka na mpini mrefu, jingine mfupi, kijani kitapauka juani kabla ya njano, na hakuna mwanachama atakayeshindwa kukitambua chama chake. Kinachobaki ni vyama kuandika wazi katika katiba zao kwamba jina la shina, msingi au tawi hupendekezwa na kupigiwa kura na mkutano wa wanachama wa hapohapo, na ngazi ya juu ilikatae tu pale linapobeba kabila, dini au jina la mtu aliye madarakani.